Tangi la Wote, Mtungi wa Ifrah

Maziwa ya ngamia yakimwagwa, mchanga hauyanywi mara moja. Hukaa kwanza, meupe, yana povu, mpaka uanze kudhani ardhi imeyakataa. Mtungi wa Ifrah ulikuwa wa lita ishirini na mimi ndiye niliyeuinamisha. Nakumbuka uzito wake ukipungua mikononi mwangu. Nakumbuka mbuzi wawili walivyokuja mbio, na mwanamke mmoja akawafukuza kwa kandambili kana kwamba kulikuwa na kitu cha kuokoa. Ifrah alisimama hatua tatu kutoka kwangu, ameshika ushungi wake chini ya kidevu, macho yake yakifuata mikono yangu. Hakulia. Wala hakusema neno, na kutosema kwake ndiko kulikonithibitishia kwamba nilikuwa natenda haki.

Mimi ni mtu wa kushuku, nakubali. Ukiuza maziwa Garissa miaka kumi na miwili, unajifunza kutazama mikono ya mtu kabla ya uso wake. Lakini siku ile sikuwa na shaka hata kidogo. Nilikuwa na hakika, na hilo ndilo linaloniuma mpaka leo.

Kabla ya tangi, kila mwanamke wa mtaa wetu wa Galbet aliyeuza maziwa alikuwa na mtungi wake na kitambaa chake. Wangu ulifungwa kitambaa cha manjano, wa Mama Dagane cheusi, wa Ifrah cha kijani. Jamaa zetu walikamua alfajiri huko malishoni, mitungi ikaletwa kwa pikipiki mpaka barabarani, kisha kwa gari mpaka sokoni, na kila mtu akavuta wake. Maziwa yako yakiharibika njiani, basi tena. Mwenzako uliyekaa naye bega kwa bega atauza, wewe utarudi nyumbani na mtungi ule ule. Hakuna aliyekuonea, na hakuna aliyekusaidia. Ndiyo biashara, tulisema, kila mtu na riziki yake.

Kisha akaja Mwiti. Kijana wa Meru, afisa wa ushirika, shati limepigwa pasi hata kwenye joto letu la Februari. Alituletea tangi la kupozea maziwa, akalisimamisha kwenye kibanda nyuma ya soko, akatuambia tumimine yote humo. Tutauza kwa pamoja kwa mnunuzi mmoja wa Eastleigh na kila mtu atapata kwa kadiri ya lita alizoleta. Mimi, Fosia, nilichaguliwa katibu, kwa sababu nilimaliza kidato cha nne na Kiswahili nilifundishwa na Mwalimu Aketch, mama wa Kijaluo asiyesamehe kosa la ngeli hata kwa mgonjwa.

"Huo ni ukomunisti," alisema Salah siku ya kwanza, amesimama mlangoni. Salah ni mtoto wa ami yangu, mwenye maboza mawili, malori ya kuuza maji, na jambo lisilomletea faida hulibandika jina baya. "Kila mtu na mtungi wake, bwana. Maziwa yakiwa mabaya yanajulikana ni ya nani. Humo ndani utajuaje?"

"Na maziwa ya mmoja yakiharibika, watoto wake wale nini?" Mwiti akamjibu. "Ubepari wako unajua kuuza tu. Haujawahi kulala njaa."

Eedo Fatumo alicheka. Yeye ni dada wa marehemu baba yangu, ndiye aliyenilea, na siku ile alikuwa amekaa juu ya mtungi mtupu akivuta tasbihi. Kati yetu sote ni yeye pekee aliyewahi kuishi ndani ya jambo hilo walilokuwa wakigombania. Alikulia Mogadishu wakati ule serikali ilipotangaza hantiwadaag, yaani mali ni ya wote.

"Hii kitu nyinyi munasoma kwa kitabu, mimi nimekula," alimwambia Mwiti kwa Kiswahili chake cha sokoni. "Walinifundisha kusoma bure. Mimi, mtoto ya mchukuzi wa bandarini. Hosbitali bure. Halafu kaka yangu akasema neno moja tu kwa foleni ya sukari, na jirani akabeba hiyo neno akapeleka. Hatukumwona miaka sita."

"Kwa hivyo unaona ni mbaya, mama?"

"Sijasema mbaya. Nasema watu wakila sufuria moja, kila mtu anaangalia mkono ya mwenzake." Kisha akamgeukia Salah. "Na wewe usicheke. Kwako hata sufuria hakuna."

Tukaingia kwenye tangi. Miezi ya kwanza ilikuwa ya heri, siwezi kukana. Mama Dagane alipolazwa wiki tatu, watoto wake walikula kutoka tangini na hakuna aliyenung'unika. Na Ifrah akapata pa kuuzia. Huyu alikuwa mgeni kwetu, mjane kutoka Takaba, watoto watatu, ngamia wachache wanaochungwa na kaka yake Yarrow. Mjini hapa watu hununua maziwa kwa wanayemjua na mama yake na nyanya yake. Bila tangi, Ifrah asingeuza hata kikombe kimoja. Alikuwa akija wa kwanza asubuhi na kuosha sakafu ya kibanda bila kuambiwa.

Lakini tangi halina macho. Mtu akitia kikombe cha maji kwenye mtungi wake, kikombe kile ni faida yake peke yake, na wepesi wa maziwa unabebwa na wanawake kumi na tisa. Nasema mtu, lakini hata mimi nilitia. Si kila siku. Kikombe kimoja, halafu viwili, zile wiki ambazo wanangu walikuwa wakirudishwa nyumbani kwa ajili ya karo. Nilijiambia kwamba wenzangu wanatia zaidi. Bila shaka walikuwa wakitia, na wao walijiambia hivyo hivyo juu yangu.

Mnunuzi wa Eastleigh akapiga simu: maziwa yenu mepesi. Mara ya pili hakupiga, alirudisha gari zima. Ndipo Mwiti alipotuletea kipimo, kijiti cha kioo chenye namba ambacho huelea ndani ya maziwa. Yakiwa mazito kinasimama juu, yakiwa mepesi kinazama. Tukakaa kikao, tukakubaliana kwamba mtungi ambao kipimo kitazama chini ya mstari mara tatu utamwagwa mbele ya watu, na mwenyewe atoke kwenye kikundi. Tuliinua mikono sote, Ifrah naye. Kipimo nikakabidhiwa mimi.

Asubuhi ya kwanza ya kupima, mitungi ilikuja imepungua. Iliyokuwa ikijaa mpaka shingoni sasa ilifika mabegani, na wangu pia. Tulitazamana tu, mmoja akasingizia ukame, wengine tukaitikia ndiyo, ukame. Mtungi mmoja tu haukupungua, ule wa kitambaa cha kijani. Ulikuja umejaa kama siku zote, na kipimo kikazama ndani yake kupita mstari, karibu nusu ya kidole changu.

Nilikasirika, wallahi. Na nitaisema hasira ile ilivyokuwa, maana nimeificha sana. Haikuwa hasira ya mtu mwema aliyeona wizi. Ilikuwa ya mtu aliyeacha tabia yake mbaya kwa shida, kisha akamwona mwenzake anaendelea nayo bila haya.

Nikaanza kumchunguza. Leo pikipiki la kaka yake lilitokea upande wa barabara ya Wajir, kesho upande wa Dadaab, keshokutwa likaja kutoka vichakani ambako hakuna njia kabisa. Mpeleka maziwa wa haki ana njia moja, nilisema moyoni. Nilimuuliza Yarrow ametoka wapi. Akanijibu, "Kwa ngamia," akawasha pikipiki. Nilitazama magurudumu, nikaona yamefungwa matawi nyuma, kama ya mtu anayefagia alama zake. Nikaenda kuwasimulia wenzangu, na kila niliyemsimulia aliongeza chake. Mmoja alisema watu wa Takaba ndivyo walivyo. Mwingine alikumbuka kwamba hakumwona Ifrah kwenye msiba fulani. Kuku mgeni hakosi kamba mguuni.

Siku ya tatu kipimo kikazama kwa mara ya tatu. Wanawake walikuwa wamenizunguka, na Mwiti yuko pale, amekunja mikono.

"Ifrah, umetia maji?"

"Sijatia."

"Ngamia wako wako wapi?"

"Malishoni."

"Malisho yapi?"

Alitutazama mmoja mmoja, kuanzia Mama Dagane mpaka kwangu, kisha akainamisha macho. Mama Dagane, aliyezaliwa na kukulia kwenye mazizi ya ngamia, alifungua mdomo kama anayetaka kusema jambo. Akaufunga, akatengeneza shuka lake. Nililiona hilo na nikalipita, kwa kuwa kimya cha kila mmoja wetu siku ile kilikuwa kikimsafisha mwenyewe. Nikaushika mtungi wa kitambaa cha kijani, nikauinamisha.

Jioni eedo Fatumo aliniuliza swali moja tu. "Uliona mkono wake ukitia maji?"

"Niliona kipimo, eedo."

"Hata yule jirani yetu alikuwa na hakika," alisema, akageukia ukuta.

Nilimwona amezeeka, anachanganya mambo. Mogadishu kulikuwa na askari na hofu, hapa kulikuwa na kikundi cha kina mama na kijiti cha kioo. Nililala vizuri usiku ule, na hilo pia linaniuma.

Ifrah alijaribu kuuza peke yake, kando ya barabara, birika moja na vikombe vitatu. Salah alipita akaniambia kwa kejeli, "Haya, huyo sasa yuko huru kama nilivyowaambia muwe." Lakini uhuru ule haukuwa na mteja, maana habari za maziwa ya kumwagwa zilikwisha fika kila mlango wa Galbet. Baada ya mwezi, binti yake mkubwa alionekana akiosha vyombo kwenye hoteli, saa za shule. Nilibadilisha njia yangu ya kwenda sokoni ili nisipite hapo, nikasema njia mpya ina kivuli.

Mvua ikakosa tena, msimu wa nne mfululizo. Hapo nitampa Salah haki yake: maboza yake yalifika mahali ambapo hakuna mtu mwingine aliyepeleka hata ndoo. Hakuuliza kabila, hakuuliza ukoo wala kikundi. Aliuliza pesa tu. Aliyekuwa nazo alisogeza wanyama wake kwenye barabara ya maboza, nasi tulikuwa nazo kidogo, tukasogeza ngamia saba wa eedo. Kila mtu alisogeza. Siku kumi baadaye hapakuwa na jani lililobaki kilomita nzima kila upande, kisha kilomita tano. Salah akapandisha bei kwa sababu, alisema, dizeli imepanda, na pengine ni kweli. Ngamia wetu walikufa mmoja baada ya mwingine, tumbo limejaa maji ya kununua na hakuna kitu cha kula. Wa mwisho alikufa amelaza shingo kwenye gurudumu la boza.

Tangi nalo likakauka. Mwiti akapewa uhamisho, akaja kutuaga na shati lake la pasi, akasema tangi ni letu, tulitunze. Alinipa mkono na macho yake yalikuwa mekundu. Wiki ile ile mtu aling'oa mlango wa kibanda akaenda nao. Sote tulimshuku mmoja wetu, na mpaka leo kila mtu ana jina lake moyoni.

Kisha eedo akaanza kuugua tumbo. Chochote alichokula kilirudi. Alitaka maziwa ya ngamia tu, na mji mzima haukuwa na maziwa ya ngamia. Nilitembea na kikombe mkononi kama mwombaji, mimi niliyemwaga lita ishirini chini.

Alasiri moja mlango wetu uligongwa. Nje alisimama Yarrow, amekonda, vumbi mpaka kwenye kope, na nyuma yake ngamia jike anayenyonyesha, ndama wake pembeni. Nyonga za yule ngamia zilikuwa na nyama. Nilikuwa sijaona ngamia mwenye nyama miezi mitatu.

"Dada yangu anasema eedo anywe," alisema Yarrow. "Maziwa yakikauka, mtamrudisha."

Hii ni desturi yetu ya zamani kuliko mifumo yote, ule wa Salah na ule wa Mogadishu. Aliye na ngamia wa maziwa humpa aliyepotewa na wake. Aliyepewa humlisha na kunywa maziwa yake, na mnyama hubaki wa mwenyewe. Hakuna malipo, wala hakuna kikao. Mimi, mtoto wa Galbet, nilikuwa nimeisikia tu.

Unadhani nilishukuru? Nilishuku. Nilijiuliza kwa nini sisi, tena kwa nini sasa. Nikafikiri amemtuma ili watu waone, ili mimi niinamishe kichwa mbele ya majirani. Yarrow alipotaka kukamua hapo hapo, maana eedo alikuwa hajala tangu juzi, nilileta chombo mimi mwenyewe, nikakipindua mbele yake kionekane hakina tone. Nikasimama karibu mpaka povu likanirukia mkononi. Hakutia kitu. Nilikuwa natazama vidole vyake kila kimoja.

Nikampelekea eedo kikombe. Alikunywa chote, akafumba macho, na kikakaa tumboni. Yaliyobaki nikayapeleka jikoni, nikafunga mlango. Kipimo kilikuwa bado kwangu, kimeviringishwa kwenye kitambaa nyuma ya debe la sukari, hakuna aliyekumbuka kukidai. Nikakitumbukiza.

Kikazama kupita mstari, karibu nusu ya kidole changu.

Nilikitoa, nikakipangusa, nikakitumbukiza tena. Mahali pale pale. Nikatoka nje, nikamkuta Yarrow ameketi kwenye kizingiti.

"Huyu ngamia amekunywa maji lini?"

"Siku kumi na nne leo," alisema, kama anayetaja jambo la kawaida. "Kule tuliko majani yapo, maji hayapo. Ngamia akikaa na kiu, anampa mwanawe maji yake. Maziwa yanakuwa mepesi. Kila mchungaji anajua."

Tulimpa maji. Alikunywa karai baada ya karai, na watoto wa jirani wakahesabu kwa sauti mpaka wakachoka. Siku ya pili kipimo kilipanda kidogo. Siku ya tano kilisimama juu ya mstari, safi, hata mnunuzi wa Eastleigh asingepata la kusema. Nilikivunja kwa jiwe, nikafukia vipande mbali na miguu ya watoto.

Kila mchungaji anajua. Basi Mama Dagane alijua. Na nani mwingine kati ya wale kumi na wanane? Nilikaa siku mbili nikiwashuku wote, mmoja mmoja, kwa bidii, mpaka nikaona kwamba nafanya hivyo ili nisifike kwangu. Siku ya tatu nikavaa, nikaenda kwa Ifrah.

Alikuwa akifukiza mtungi kwa moshi wa ukuni, kama tunavyofanya ili maziwa yasiharibike upesi. Alinikaribisha, akanipa mkeka.

"Abaayo, dada yangu, nilikudhulumu," nilisema. "Nisamehe."

Aliendelea kuuzungusha mtungi juu ya moshi. "Uliniuliza kama nimetia maji. Ukaniuliza ngamia wako wapi. Hukuniuliza wamekunywa lini."

"Ungeniambia."

"Ningekuambia kiu, ungeniuliza wana kiu wapi. Majani ni ya Mungu, Fosia, hayana mwenyewe. Anayejua yalipo ndiye anayekula. Ningetaja jina la mahali pale mbele ya wanawake kumi na wanane, jioni ningekuta ngamia mia tano, na ngamia wangu leo wangekuwa wamekufa kama wenu." Alisema bila ukali. "Maziwa yangu nilikubali yawe ya wote. Majani sikuweza."

Nikaona nimwambie lililobaki, maana nilijua sitapata tena ujasiri. Nikamwambia juu ya vikombe vyangu vya maji.

"Najua," alisema. "Mtungi wako ulipungua siku ile ile ya kipimo. Nami nina macho."

Alijua siku ile, amesimama hatua tatu kutoka kwangu, na alikuwa akitazama mikono hii. Akaweka mtungi chini, akanimiminia maziwa kwenye kikombe, nikanywa, na tukazungumza habari za eedo, aliyekuwa sasa anaweza kukaa kitako na kumtukana Salah.

Hiyo ni miaka kadhaa iliyopita. Mvua ilirudi, ngamia yule tulimrudisha maziwa yalipokauka, na Ifrah sasa ana wateja wengi kuliko mimi. Tangi bado liko nyuma ya soko, kuku wanataga ndani yake. Mimi na Ifrah huketi bega kwa bega, mtungi wa kijani na mtungi wa manjano, na akienda kuswali humwangalizia wake. Watu hutuona marafiki, na nadhani sisi ni marafiki.

Juzi, soko limepoa, nilimuuliza kwa utani. Nilisema ukame umepita, ngamia wangu sasa ni wawili tu, hawawezi kumaliza majani ya mtu. Hebu aniambie, kule kulikuwa wapi?

Ifrah alinitazama, si kwa ubaya.

"Mwaka mwingine kama ule utakuja," alisema, akafunika mtungi wake.